Rupia na Shilingi Katika Pwani Yetu

Neno pesa, ambalo kila mtoto wa pwani hii hulijua kabla hajajua kuhesabu, limetokana na paisa, sarafu ndogo ya shaba ambayo sitini na nne zake zilifanya rupia moja ya Bara Hindi. Hela, wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania, ni heller ya Wajerumani, ambayo tangu 1904 mia moja zake zilifanya rupia moja huko kwao. Basi hata msomaji ambaye hajapata kuishika rupia mkononi huitaja kila siku.

Kabla yake ilitawala riale ya fedha yenye sura ya malkia Maria Theresa. Wafanyabiashara wa Kutch, Kathiawar na Bombay walikuja na rupia katika majahazi ya kaskazi, na huko Zanzibar riale moja ilihesabiwa kuwa rupia mbili na kidogo zaidi. Ujenzi wa reli kutoka Mombasa, ulioanza 1896, uliipeleka rupia hadi bara, kwa kuwa maelfu ya mafundi na vibarua kutoka India walilipwa kwayo. Mwaka 1905 serikali iliiweka katika sheria: rupia 15 kwa pauni moja ya dhahabu, yaani rupia moja kwa peni 16 za Kiingereza, nayo ikagawanywa kwa senti mia badala ya ana na paisa. Babu yangu, kama wenye maduka wengi, aliendelea kuandika ana katika daftari lake. Mkono uliozoea hauandiki sheria mpya upesi.

Kiwango hicho kilidumu hadi Vita Kuu ya kwanza. Vita vilipandisha bei ya fedha, ile madini, na rupia ilikuwa ya fedha. Kuanzia 1917 serikali ya India ilipandisha thamani yake hatua kwa hatua, na mwanzoni mwa 1920 rupia ilikuwa imepita shilingi mbili za Kiingereza, yaani peni 24.

Fikiria mlowezi aliyekopa benki rupia 15,000 ili apande kahawa. Alipokopa, deni lake lilikuwa pauni 1,000. Kahawa yake iliuzwa London kwa pauni, na sasa alitakiwa kutafuta pauni 1,500 kulipa deni lile lile. Walowezi walitaka rupia irudishwe peni 16. Wenye kudai hawakutaka kulipwa pungufu. Wizara ya Makoloni huko London iliamua rupia yetu ifungwe kwenye shilingi mbili, ikaitwa florini. Kisha bei ya fedha ikaanguka. Huko India rupia ikateremka hadi chini ya peni 16, ilhali ya kwetu ilibaki juu kwa amri. Hapo ikazuka hofu ya watu kuleta rupia za bei nafuu kutoka Bombay ili wapate faida, na tusifiche, wamo wa jamii yetu ambao wangalifanya hivyo kwa furaha. Mwaka 1921 rupia ya India ikaondolewa katika matumizi halali ya Kenya, na florini ikakatwa vipande viwili. Ndivyo shilingi ya Afrika Mashariki ilivyozaliwa, nusu ya rupia.

Aliyelipia uamuzi huo hakuwa mezani. Mwaka ule ule walowezi walikata mishahara ya Waafrika kwa theluthi. Wengi husimulia habari hii kama ukatili tu, na ulikuwa ukatili, lakini hesabu yake ni ya kubadilisha fedha: peni 24 ukiondoa theluthi, zinabaki 16. Hasara ambayo mlowezi hakuweza kuirudisha kwa benki aliirudisha kwa kibarua wake. Kodi ya nyumba, iliyopandishwa 1920 hadi rupia 8, sasa ilidaiwa kwa florini, yaani shilingi 16. Mishahara hiyo ni mojawapo ya mambo yaliyomwinua Harry Thuku, aliyekamatwa Nairobi Machi 1922, na miongoni mwa waliomsaidia alikuwamo Manilal Desai, Mgujarati mwenzetu, mwenye gazeti. Inafaa majirani wetu wakumbuke hilo, nasi tukumbuke pia.

Ukitaka kuona alama ya kiwango cha 1920, sikiliza wazee wakiita senti hamsini thumuni. Thumuni maana yake ni sehemu ya nane, na nusu shilingi si sehemu ya nane ya shilingi. Lakini ni sehemu ya nane ya riale: riale kama rupia mbili, rupia shilingi mbili, gawanya kwa nane.

Zanzibar haikufuata njia hii. Ilibaki na rupia, hivyo kwa miaka mingi aliyevuka kutoka Mombasa alibadilisha fedha bandarini. Huko India rupia iliwekwa peni 18 kwa sheria ya 1927, ijapokuwa Sir Purshotamdas Thakurdas, akiwatetea wafanyabiashara, alipigania 16 bila kuchoka. Peni 18 ni shilingi moja na nusu, na Zanzibar ilipohamia shilingi mwaka 1936 ilitumia kiwango hicho hicho. Mwaka 1949 pauni iliposhushwa thamani, rupia na shilingi ziliteremka pamoja nayo, na baina yao hakuna kilichobadilika.

Kwa karibu miaka arobaini, basi, shilingi 150 zilikuwa rupia 100, na kizazi kizima hakikuhitaji kuuliza. Ada za shule, mahari, dawa za bibi kule Jamnagar, vyote vilipimwa kwa moja na nusu.

Tarehe 6 Juni 1966 India ilishusha rupia kutoka 4.76 hadi 7.50 kwa dola ya Marekani. Shilingi yetu ilikuwa 7.14. Kijana aliyepelekewa shilingi 300 chuoni alipokea takriban rupia 315 badala ya 200, akafurahi. Mzee aliyeweka akiba yake yote India ili akastaafu huko aliamka na theluthi mbili tu, akihesabu kwa shilingi. Siku chache baadaye, 14 Juni, Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa, na kabla ya mwaka kwisha Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa kila moja na shilingi yake.

Kuanzia hapo kila shilingi ilikwenda njia yake. Ya Tanzania ilishushwa sana mwaka 1986, ya Kenya ikaporomoka 1993, na rupia nayo ilishushwa mara mbili katika wiki moja ya Julai 1991. Mwishoni mwa 2024 dola ilikuwa shilingi za Kenya 129 na rupia 85 hivi. Gawanya: rupia moja kwa shilingi moja na nusu, kama mwaka 1927, ila safari hii hakuna aliyeamuru.