Bangili za Bakelite na Thamani ya Kazi ya Mkono

Plastiki ya kwanza kuenea katika mapambo ilizaliwa na uhaba wa pembe za ndovu, bidhaa ambayo katika karne ya 19 ilisafirishwa kwa wingi kutoka Zanzibar hadi viwanda vya Connecticut, Marekani, ikakatwa kuwa vitana na vibao vya piano. Seluloidi ya John Wesley Hyatt, iliyochanganya nitroselulosi na kafuri na kupewa hataza mwaka 1870, iliiga pembe vizuri, ila ilishika moto upesi mno. Mwaka 1907, huko Yonkers karibu na jiji la New York, Leo Baekeland, mkemia mzaliwa wa Ghent nchini Ubelgiji, aliunganisha fenoli na fomaldehidi kwa joto na mgandamizo, akapata Bakelite, yaani utomvu wa maabara ambao ukishaiva haulainiki tena hata ukipashwa moto.

Bakelite hiyo ilitiwa unga wa mbao ili iwe imara, ikawa na rangi nzito zilizofaa swichi na simu kuliko mkono wa bibi harusi. Hataza kuu za Baekeland zilipokwisha mwaka 1927, kampuni ya Catalin ilianza kuuza utomvu wa jamii hiyohiyo usio na unga, uliopokea rangi angavu, na ndio huo ambao wakusanyaji wengi leo wanauita Bakelite. Ulimiminwa katika kalibu za risasi, ukaokwa kwa siku kadhaa, kisha fundi akaukata vipande kama pete za muhogo, akavikereza, akavinakshi maua na majani na kuving'arisha kimoja kimoja. Kwa hiyo bangili iliyouzwa kwa bei nafuu wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, wakati dhahabu haikushikika, ilibeba jasho ambalo bei yake haikulionyesha. Jasho hilo ndilo linaloipa thamani sasa, na ndilo lililoiondoa sokoni, kwani baada ya Vita vya Pili vya Dunia plastiki za kufinyangwa kwa mashine zilitoka kwa wingi bila kuhitaji patasi.

Mkusanyaji huitambua bangili halisi kwa kukosa mshono wa kalibu, na kwa harufu kali ya fomaldehidi inapochovywa katika maji ya moto. Rangi haiaminiki sana, kwa sababu hewa na mwanga huunguza ngozi ya juu polepole: nyeupe hugeuka malai, na buluu huwa kijani. Wapo wanaoisugua ngozi hiyo ili kuifichua rangi ya awali, na wapo wanaoiacha. Hawa wa pili wana hoja yenye uzito zaidi, kwa kuwa msuguo hulainisha kingo za nakshi ambazo fundi alizikata, ilhali rangi yenyewe hurudi kugeuka baada ya miaka.