Kinachokesha Tukilala: Historia ya King'ora cha Moshi

Kando ya Ziwa Michigan, katika jimbo la Indiana nchini Marekani, kulikuwa na nyumba zilizonunuliwa na serikali ili zibomolewe kupisha hifadhi ya fukwe na vilima vya mchanga. Katikati ya miaka ya 1970 watafiti waliziwahi kabla hazijabomolewa. Waliingiza makochi, magodoro na vyombo vya kupimia, wakafunga vitambua moshi darini, kisha wakatia moto. Fanicha nyingine ziliachwa zifukute polepole, nyingine zikawashwa zikashika mwali papo hapo. Katika kila jaribio walisubiri mambo mawili: king'ora kilie, na hewa ya ndani ifikie hali ambayo binadamu haiwezi tena.

Muda ulio kati ya mambo hayo mawili ndio alionao mtu aliyelala. Historia yote ya king'ora cha moshi ni juhudi ya kuurefusha.

Wengi wanaokufa katika moto wa nyumbani huuawa na moshi kabla mwali haujawagusa. Moshi huo hubeba kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humzidishia aliyelala usingizi badala ya kumwamsha. Na anayedhani kwamba harufu ya kuungua itamwamsha anajidanganya, kwa maana pua ya aliyelala fofofo haimpi taarifa. Sikio ndilo linalobaki kazini, ndiyo maana wavumbuzi walitafuta kitu cha kupiga kelele.

Mji wa Boston ulikuwa na mtambo wa telegrafu wa kutangaza moto tangu 1852, kazi ya William Channing na Moses Farmer, lakini ulihitaji mtu aliye macho akimbilie kisanduku cha barabarani. Mwaka 1890 Francis Upton, mwanahisabati aliyefanya kazi na Thomas Edison, alipata hataza ya king'ora cha umeme cha moto pamoja na mwenzake, Fernando Dibble. Mwaka 1902 George Andrew Darby wa Birmingham, Uingereza, naye akapata ya kwake. Ving'ora hivyo viwili vilisubiri joto, na joto huchelewa. Moto unaofukuta ndani ya godoro unaweza kujaza chumba moshi wa kuua huku dari ingali baridi.

Moshi wenyewe uliingia katika habari hii bila kualikwa. Mwishoni mwa miaka ya 1930 mwanafizikia wa Uswisi, Walter Jaeger, alikuwa akihangaika kutengeneza kifaa cha kunusa gesi ya sumu. Wazo lake lilikuwa kwamba sumu ingenasa kwenye ioni za hewa na kupunguza mkondo wa umeme. Sumu haikufanya lolote. Jaeger akawasha sigara, na baada ya muda mfupi akaona mshale wa mita umeshuka. Moshi wa sigara ulikuwa umefanya kilichoishinda sumu. Mwenzake Ernst Meili aliunda vali ya kielektroniki iliyoweza kukuza mkondo ule mdogo hadi ukatosha kuamsha king'ora, na mwaka 1941 wawili hao wakaanzisha kampuni ya Cerberus mjini Bad Ragaz.

Vitambua moshi vya namna hiyo vilianza kuuzwa Marekani mwaka 1951, lakini vilikwenda kwenye viwanda na majengo makubwa. Vilikuwa ghali na vilihitaji umeme mwingi. Mtu wa kawaida, yeye ambaye moto humkuta kitandani, aliendelea kulala bila mlinzi.

Vitu viwili vilivishusha hadi nyumbani. Cha kwanza ni amerisiamu-241, aina ya elementi iliyotengenezwa na Glenn Seaborg na wenzake wakati wa Vita Kuu ya Pili. Seaborg aliitangaza mbele ya watoto, katika kipindi cha redio cha tarehe 11 Novemba 1945, baada ya mtoto mmoja kumuuliza kama kuna elementi mpya. Mwaka 1962 serikali ya Marekani ilianza kuiuza kwa dola 1,500 kwa gramu, na gramu moja hutosha vitambua moshi zaidi ya milioni 3. Katika kila kimoja, chembe ya amerisiamu huifanya hewa iliyo kati ya bamba mbili ipitishe mkondo mdogo wa umeme. Moshi ukiingia mkondo hupungua, na king'ora hulia. Wanaoingiwa na hofu wakisikia neno mionzi wajue kwamba mionzi hii ya alfa huzuiwa hata na karatasi. Kinachotakiwa ni kutokifungua kifaa wala kukichoma kikiharibika.

Cha pili ni betri. Duane Pearsall wa Colorado, mwenye kampuni ya Statitrol, alikuwa akitengeneza mtambo wa kuondoa umeme tuli hewani. Hadithi ya sigara ikajirudia: moshi wa fundi wake aliyekuwa akivuta uliyumbisha mita. Kuanzia mwaka 1965 yeye na Stanley Peterson waliunda kitambua moshi kidogo cha betri, na kufikia 1975 kilikuwa kikitengenezwa kwa wingi kiwandani. Kilitundikwa darini kwa skrubu mbili, bila fundi umeme wala waya. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika historia hii, kubwa hata kuliko ya Jaeger, kwa sababu mlinzi alihama kutoka kwa tajiri mwenye kiwanda akaenda kwa mama mwenye watoto watatu chumbani. Miaka hiyohiyo ilikuja aina nyingine, inayotumia mwanga: moshi ukipita, mwanga hutawanyika na kuangukia jicho la kifaa. Aina hii huwahi moto unaofukuta, ile ya amerisiamu huwahi moto wa mwali.

Majaribio ya Indiana yalikata shauri: kitambua moshi hukiacha mbali kifaa cha joto, na kila ghorofa inahitaji chake. Vifo vya moto wa nyumbani Marekani vimepungua kwa takriban nusu tangu miaka hiyo ya 1970. Vilivyobaki vina maelezo ya kuumiza: takriban vitatu katika kila vitano hutokea katika nyumba zisizo na king'ora, au zenye king'ora kisichofanya kazi. Na kikikutwa hakifanyi kazi, mara nyingi betri imetolewa. Mtu amekaanga samaki, kimelia, amekasirika akaitoa, na hakuirudisha.

Mwaka 2004 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa matokeo ya kurudia majaribio ya Indiana kwa fanicha za sasa. Katika moto wa mwali, dakika 17 za kutoroka za majaribio ya mwaka 1975 zilikuwa zimebaki takriban 3. Sponji ya poliurethani iliyojaa kwenye makochi na magodoro huwaka upesi na kwa moshi mzito.

Hapo ndipo habari ya Indiana inapoingia Tandika ya Dar es Salaam na Kayole ya Nairobi. Sponji hiyo ndiyo tunayolalia, na madirisha yetu yana nondo, na ufunguo wa grili umefichwa mahali ambapo mwizi hataufikia. Katika dakika 3 lazima uamke, uwaokote watoto, uupate ufunguo. Penye jiko la mkaa au kuni kitambua moshi kitalia kila siku, kwa hiyo jikoni pawekwe kitambua joto, na cha moshi kikae darini kwenye korido na vyumba vya kulala. Kibonyezwe kitufe cha kukijaribu kila mwezi, kipanguswe vumbi, na kikitimiza miaka 10 kitupwe hata kama bado kinalia, kwa sababu kitambuzi chake huchakaa. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa kutegemea king'ora hiki, maana kaboni monoksidi isiyo na moshi hakiijui kabisa.

Tena watoto wengi hawaamki kwa mlio mkali wa kawaida. Lazima mtu mzima aamke na kuwafuata. Hilo hunirudisha kwenye mabweni ya shule yaliyoungua: Shauritanga nchini Tanzania mwaka 1994, na nchini Kenya Bombolulu 1998, Kyanguli 2001, Endarasha 2024, yote usiku, waliokufa wote wanafunzi. King'ora peke yake kisingefungua mlango wowote. Lakini Uskoti, tangu Februari 2022, inataka ving'ora vya kila nyumba viunganishwe, kimoja kikilia vyote vilie. Bweni nalo linaweza kuunganishwa vivyo hivyo hadi chumba cha matroni. Mkaguzi wa shule aingie bwenini akiangalia dari kwanza, kisha aulize ni nani anayelala na ufunguo wa mlango.