Lugha Tatu Juu ya Msalaba

Somo: Yohana 19:16-22



Yohana anatueleza kwamba Pilato aliweka anwani juu ya msalaba, nayo iliandikwa kwa Kiebrania, kwa Kirumi, yaani Kilatini, na kwa Kiyunani. Pilato hakukusudia kuhubiri. Alitaka tu kila mpita njia asome na kuelewa. Leo tuzitazame mbili za lugha hizo, Kiyunani na Kilatini, na jinsi zilivyotufikia hapa Meru na Embu.

Kiyunani kilikuwa lugha ya sokoni na bandarini. Ndiyo sababu Agano Jipya liliandikwa kwa Kiyunani, na hata Paulo alipowaandikia Wakristo wa Rumi, alitumia lugha hiyo. Ibada za kwanza za Rumi zilikuwa za Kiyunani. Baadaye watu wa kawaida wa huko hawakukifahamu tena, na Kanisa likaingia katika Kilatini, lugha ya nyumbani kwao. Karibu na mwaka 382, Damasus, askofu wa Rumi, alimpa Jerome kazi ya kusahihisha tafsiri za Kilatini. Biblia iliyotokana na kazi hiyo ikaja kuitwa Vulgata, maana yake ni ile ya watu wote. Basi Kilatini kiliingia kanisani kwa mlango uleule ambao Kimeru kiliingia baadaye: ili watu waelewe.

Lakini karne zikapita. Watu wa Ulaya wakaacha kusema Kilatini nyumbani, na Kanisa likaendelea nacho. Kilichokuwa mlango kikawa ukuta.

Mwaka 1910 wamisionari wa Kianglikana walianza kazi Kigari, Embu. Mwaka 1911 Wakatoliki wa Consolata kutoka Italia walifika Meru, na mwaka 1912 Wamethodisti wakaanza kazi yao huko, ambayo makao yake yakawa Kaaga. Wakatoliki walifundisha dini kwa lugha ya wenyeji, lakini Misa yenyewe ilisomwa kwa Kilatini. Ndani ya Misa hiyo waumini waliimba Kyrie eleison, maana yake, Bwana, uturehemu. Maneno hayo si Kilatini hata kidogo. Ni Kiyunani, mabaki ya ibada za kale. Hivyo mzee wa Imenti aliomba rehema kwa Kiyunani, katikati ya sala za Kilatini, naye hakujua lugha hata moja kati ya hizo. Hatumcheki. Mungu husikia moyo. Lakini mzee huyo alistahili kujua anasema nini.

Tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Vatikano ulikubali lugha za watu zitumike katika ibada. Siku nane baadaye Kenya ikapata uhuru. Na mwaka 1964 Biblia nzima ya Kimeru ikachapishwa.

Je, sisi Waprotestanti tujivune? Hapana. Kwa miaka mingi ndugu zetu wa Embu walisoma Maandiko kwa Kikuyu, lugha ya jirani, iliyo karibu na Kiembu lakini si ile waliyolelewa nayo. Tena maneno ya kale tunayo sisi sote. Kristo ni neno la Kiyunani, maana yake Mpakwa mafuta. Askofu ni la Kiyunani, mwangalizi. Na Injili vilevile, habari njema. Yote mawili yalipitia kwa Waarabu kabla ya kutufikia. Si dhambi kuyatumia. Dhambi ni kuyatamka bila kuwafundisha watoto maana yake.

Na leo ukuta unaweza kujengwa tena, bila Kilatini. Yuko nyanya anayejua Kimeru peke yake. Kando yake ameketi mjukuu aliyekulia Nairobi, anayejua Kiswahili na Kiingereza tu. Ibada ikiendeshwa kwa lugha moja, mmoja wao anarudi nyumbani na njaa. Paulo, katika 1 Wakorintho 14:19, aliona heri maneno matano yenye kueleweka kuliko elfu kumi yasiyoeleweka.

Wazee wa kanisa, lifikirini jambo hili. Somo lisomwe mara mbili. Hubiri lipate mkalimani, hata kama ibada itarefuka kidogo. Na nyumbani, mjukuu amsomee nyanya, naye nyanya amfundishe mjukuu kuomba kwa Kimeru. Pilato alitumia lugha tatu kutangaza hukumu. Je, kanisa litaona taabu kutumia mbili kutangaza wokovu?

Tuombe. Ee Bwana, wewe unayesikia kila lugha, utufundishe kusema ili ndugu zetu waelewe, na kunyamaza ili nasi tuwasikie. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.