Nyuzi za Kaboni, Gundi ya Madini: Kuimarisha Zege Kuukuu la Pwani

Boriti ya zege ikichoka, mhandisi wa leo huibandika bamba la nyuzi za kaboni kwa gundi ya epoksi. Mbinu hii ilikomaa Uswisi, katika taasisi ya EMPA alikofanya kazi Urs Meier, na mwaka 1991 ilitumika kwenye daraja la Ibach karibu na Lucerne. Bamba la kaboni ni jepesi na halishiki kutu kama mabamba ya chuma yaliyolitangulia. Nyuzi hizo sizipingi. Hoja yangu ni gundi, kwani ndiyo inayohamisha mzigo kutoka kwenye zege hadi kwenye nyuzi. Gundi ikilegea, nyuzi hazina kazi.

Epoksi inayokauka bila kupashwa moto huanza kulegea kwenye sentigredi 50 hadi 65 hivi. Sitaha ya daraja yenye lami, ikipigwa na jua la Dar es Salaam au Mombasa, huweza kukaribia kiwango hicho. Moto ndio hatari kubwa zaidi. Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli, liliungua Julai 2021, nasi tukakumbushwa kwamba majengo yetu ya zege ya miaka ya 1970 yanaweza kuwaka. Ndani ya dakika kumi, joto la moto wa jengo huvuka sentigredi 500. Epoksi isiyokingwa huwa imeshaachia zamani.

Ndiyo maana napendekeza wavu wa nyuzi uliolazwa ndani ya lipu ya madini, hasa jiopolima, jina lililobuniwa na Joseph Davidovits katika miaka ya 1970. Lipu hiyo haiwaki, na hushika hata zege lenye unyevu. Malighafi tunayo: kaolini, udongo wa Pugu karibu na Dar es Salaam. Ikichomwa kwenye sentigredi 700 hivi hugeuka metakaolini, na kinachotoka kwenye madini yake ni mvuke wa maji. Klinka ya saruji huhitaji sentigredi 1450, na mawe ya chokaa yanayochomwa kuitengeneza hutoa takriban nusu tani ya kaboni dioksidi kwa kila tani ya klinka, kabla hata hatujahesabu kuni, makaa au gesi ya tanuri.

Hata hivyo, tusiiite lipu ya jiopolima rafiki wa mazingira kabla ya kupiga hesabu. Silikati ya sodiamu inayoiamsha metakaolini hupatikana kwa kuyeyusha mchanga na magadi kwenye joto linalozidi sentigredi 1000, na magadi makali yanayochanganywa nayo huunguza mikono ya fundi. Alkali hiyo pia hula nyuzi za kioo cha kawaida. Wavu ukiwa wa kioo, lazima kioo hicho kiwe na zirkonia.

Tena, hakuna gundi inayoponya nondo zilizoliwa na chumvi ya bahari. Zege lililooza likwanguliwe, kutu isafishwe, kisha mshiko upimwe kwa kuvuta: kwa mifumo ya epoksi, mwongozo wa ACI 440.2R wa Marekani hudai angalau megapaskali 1.4. Kubandika juu ya zege bovu ni kuficha kidonda.

Nawaomba wenzangu wa vyuo vya uhandisi vya pwani: tengenezeni vibao vya zege, vibandikeni nyuzi kwa lipu ya udongo wa Pugu na kwa epoksi, viacheni ufukweni kwenye jua na upepo wa chumvi, mvivute kila mwaka kwa miaka kumi. Anzeni mwaka huu.