Upakaji rangi upya wa majalada ya katuni
Upakaji rangi upya wa majalada ya katuni ni kazi ya kujifurahisha ya kupaka rangi kwa kompyuta majalada ya zamani ya vitabu vya mashujaa, kama Action Comics namba 1 (1938) lenye Superman.

Majalada hayo yalichapishwa kwa wino wa rangi nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Vidoti vyake vilitoa rangi nyingine.

Mpakaji hunakili jalada kwa skana, hufuta madoa, hutenga mistari nyeusi, kisha hupaka rangi kwa tabaka katika programu kama Photoshop au GIMP. Wengine hubakiza vidoti. Wengine huongeza vivuli vipya, hata mchoro ukapoteza sura yake ya awali.

Nchini Marekani hakimiliki ya jalada hilo la 1938 inadumu hadi mwisho wa 2033, hivyo kuuza nakala bila ruhusa kunaweza kuvunja sheria.