Sindano Iliyouzwa kwa Dola Moja

Leo sitaanza na dalili za kisukari wala na orodha ya vyakula. Nitaanza na swali ambalo akina mama huniuliza kliniki ya sukari karibu kila wiki: "Sista, mbona dawa hii ni ghali hivi, na ugonjwa wenyewe hauishi?"

Nilipotoka chuoni sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefunzwa kupima dawa na kudunga sindano, si historia ya bei. Nimeitafuta baadaye, nami nakupa ulivyo mkasa wenyewe.

Kabla ya mwaka 1921, mtoto aliyepata kisukari cha aina ya kwanza alikuwa hana dawa. Kongosho lake limeacha kutengeneza insulini, kwa hivyo anakula lakini chakula hakimfai mwilini. Sukari inajaa kwenye damu, mtoto anakonda, anakunywa maji na kukojoa usiku kucha, kisha anazimia. Madaktari wa wakati huo walijua njia moja tu ya kumrefushia maisha, nayo ilikuwa kumpa chakula kidogo mno. Fikiria, mama, unaambiwa umnyime mwanao chakula ili aishi miezi michache zaidi.

Kiangazi cha 1921, katika Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, daktari mpasuaji Frederick Banting na mwanafunzi Charles Best walianza kutafuta ile dawa iliyo ndani ya kongosho, wakiwafanyia mbwa majaribio. Maabara ilikuwa ya Profesa John Macleod. Baadaye alijiunga nao James Collip, na ni yeye aliyeweza kuisafisha dawa hiyo ifae binadamu. Tarehe 11 Januari 1922 walimdunga mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, ambaye alikuwa na uzito wa kilo 29 hivi. Dawa ile ya kwanza ilikuwa chafu ikamletea jipu, wakaacha. Tarehe 23 Januari wakamdunga ile aliyoisafisha Collip, na sukari ikashuka. Leonard aliishi miaka 13 zaidi.

Hapa ndipo habari ya pesa inapoanza. Banting, Best na Collip waliiuzia Toronto haki ya dawa hiyo mwaka 1923, kila mmoja kwa dola 1. Ndiyo, dola moja. Hawakutaka mtu mmoja aifungie dawa ya uhai kabatini mwake. Chuo kikachukua haki hiyo ili kuhakikisha dawa inatengenezwa vizuri na haishikwi na kampuni moja peke yake.

Lakini usidhani kwamba kila mtoto aliipata siku hiyo. Insulini ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe kutoka machinjioni, na mwaka 1922 ilikuwa haba sana. Mmoja wa waliobahatika mapema alikuwa Elizabeth Hughes, msichana aliyekuwa ameishi kwa njaa ya madaktari tangu 1919. Alipofika Toronto Agosti 1922 alikuwa na kilo 20 hivi, naye alikuwa anafikisha miaka 15. Baba yake alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani. Elizabeth aliishi hadi 1981, na nafurahi kwamba aliishi. Ila huwa nawaza juu ya mabinti wa wafanyakazi wa machinjio yale yale.

Mwaka huo huo wa 1922, mwanasayansi wa Denmark, August Krogh, alikwenda Toronto na kuomba ruhusa ya kutengeneza insulini kwao. Mke wake, Marie, alikuwa daktari, naye mwenyewe alikuwa na kisukari. Ni kwa ajili yake safari hiyo ilizaa matunda upesi. Maabara ya Nordisk ilianzishwa 1923. Mwaka 1989 iliungana na mpinzani wake Novo ikawa Novo Nordisk, jina ambalo huenda umeliona kwenye boksi la dawa yako.

Sasa utauliza: kama haki iliuzwa kwa dola moja, bei ilipandaje? Ilipanda kwa sababu dawa ilibadilishwa hatua kwa hatua, na kila badiliko likaja na haki mpya ya kuimiliki. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani walifaulu kutengeneza insulini ya binadamu kwa kutumia bakteria, na mwaka 1982 ikaanza kuuzwa. Mwaka 1996 ikatoka insulini mpya ya kampuni ya Eli Lilly inayofanya kazi haraka, Humalog. Chupa yake iliuzwa Marekani kwa dola 21 hivi. Kufikia mwaka 2019 chupa ile ile, dawa ile ile, ilikuwa imefika dola 275 hivi. Hakuna ng'ombe aliyeongezeka bei hapo.

Hata katika nchi tajiri watu walianza kupunguza dozi. Mwaka 2017, katika jimbo la Minnesota, kijana Alec Smith alifikisha miaka 26, na kwa umri huo akatolewa kwenye bima ya mama yake. Dawa na vifaa vyake vilikuwa kama dola 1,300 kwa mwezi. Akawa anajipimia kidogo kidogo ili ifike siku ya mshahara, na chini ya mwezi mmoja akafariki. Mama yake hakunyamaza. Mwaka 2020 jimbo lilipitisha sheria yenye jina la mwanawe, ya kumsaidia mtu aliyeishiwa na insulini. Mwaka 2023 serikali ya Marekani iliwawekea wazee walio kwenye bima ya Medicare kikomo cha dola 35 kwa mwezi, na mwezi Machi mwaka huo kampuni kubwa tatu zikatangaza kushusha bei.

Kwetu Kenya historia ina njia yake. Mwaka 1965 serikali ilifuta ada ya matibabu ya wagonjwa wa kutwa katika hospitali zake, na 1966 ikaanzisha mfuko wa bima wa NHIF. Desemba 1989 ukaja utaratibu wa kuchangia gharama, ambao mama zetu wanaukumbuka kwa jina la "cost sharing". Watu wakapungua hospitalini, ukasimamishwa 1990, kisha ukarudishwa pole pole. Mwaka 2004 zahanati zikaambiwa zitoze shilingi 10 na vituo vya afya shilingi 20. Mwaka 2013 hata hizo zikafutwa. Mengi mazuri yalitokana na hatua hiyo, lakini mtu wa kisukari hakuona tofauti kubwa. Zahanati ilimpima bure, kisha ikamwandikia karatasi aende kununua dawa kwa kemisti. Kupimwa bure na kupata dawa bure ni mambo mawili.

Oktoba 2024 NHIF iliondoka na SHA ikachukua nafasi yake. Asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba hukatwa, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Ukiwa umejiandikisha, uliza katika hospitali unayoenda: kliniki ya sukari inalipiwa, na je, dawa yenyewe? Uliza hayo mawili kando kando. Kama mgonjwa ni mtoto, taja pia mpango wa Changing Diabetes in Children, ulioanza 2009 na ambao Kenya imo. Huo huwapa watoto insulini bila malipo katika vituo fulani. Nimewahi kumpata mama aliyekuwa ameuza mbuzi wawili kununua insulini, na kituo chenye mpango huo kilikuwa safari ya matatu moja kutoka kwake. Hakuna aliyekuwa amemwambia, na katika hao wasiomwambia nilikuwemo mimi. Alikuwa amepita mikononi mwangu mara mbili.

Tugeukie sindano zinazozungumziwa sana siku hizi, zile za kupunguza uzito. Nazo zilianza kama dawa za kisukari cha aina ya pili. Ya kwanza, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2005, ilitokana na kemikali iliyogunduliwa katika sumu ya mjusi mkubwa wa jangwani aitwaye Gila. Semaglutide ya Novo Nordisk ilifuata, ikaruhusiwa kwa kisukari mwaka 2017 kwa jina Ozempic, na kwa uzito mwaka 2021 kwa jina Wegovy. Wegovy ilipotoka ilitangazwa Marekani kwa zaidi ya dola 1,300 kwa mwezi. Watafiti waliochapisha hesabu zao mwaka 2024 walikadiria kwamba dawa hiyo ya mwezi mmoja inaweza kutengenezwa kwa chini ya dola 5. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa baadhi ya wagonjwa wa kisukari walio na unene, na likataka bei ishuke. Ni dawa nzuri kwa anayeihitaji. Lakini ghali huvuta matapeli: Juni 2024 shirika hilo lilitoa onyo juu ya Ozempic bandia zilizopatikana Brazil, Uingereza na Marekani. Ukiletewa sindano na rafiki wa chama chako kwa bei ya kutupa, bila boksi wala karatasi ya daktari, usiidunge.

Na usione aibu kutumia dawa ya zamani. Metformin ilianza kutumiwa na daktari Jean Sterne huko Ufaransa mwaka 1957, na asili yake ni mmea uliokuwa ukitumiwa Ulaya kama dawa ya kienyeji. Haimilikiwi na mtu tena, ndiyo maana ni rahisi. Kwa wengi wenye kisukari cha aina ya pili, mpaka leo ndiyo dawa ya kuanzia. Mama mmoja aliniambia, "Sista, hii ya bei rahisi umenipa kwa sababu mimi ni maskini." Nikamwambia hata tajiri huanzishiwa hiyo hiyo.

Mtoto wa aina ya kwanza ni jambo jingine. Yeye hawezi kubadilishiwa vidonge, wala mitishamba, wala maombi peke yake. Siku mbili bila insulini zinaweza kumuua. Ukiona chupa inakaribia kuisha na pesa hakuna, usipunguze dozi kimya kimya nyumbani. Njoo kliniki kabla haijaisha.

Fanya hesabu hii kabla ya kununua. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Mtoto anayedungwa yuniti 20 kwa siku angeimaliza kwa siku 50, lakini chupa nyingi zikishafunguliwa hutumika kwa wiki nne hivi tu. Basi weka bajeti ya chupa kwa mwezi, ukihesabu na sindano na vijikaratasi vya kupimia sukari, ambavyo mara nyingi hushinda dawa yenyewe kwa gharama. Kama huna friji, chukua vyungu viwili vya udongo, kimoja kiingie ndani ya kingine, jaza mchanga katikati na uumwagilie maji asubuhi na jioni. Weka chupa ndani ikiwa imefungwa kwa mfuko wa plastiki isilowe, funika kwa kitambaa kibichi, na uviweke kivulini, mbali na jiko.