Mgeni Huona Msimu: Ukambani na Wazee Wanaokimbia Baridi

Kuna video za aina moja zimejaa sana mtandaoni siku hizi. Mzee wa Ulaya au Marekani amestaafu, amechoka na theluji, anazunguka nchi za joto na kamera akitafuta mahali pa kujenga nyumba ya kukaa Desemba mpaka Machi. Leo yuko Thailand, kesho Costa Rica, wiki ijayo ametua Mombasa. Anauliza bei ya ploti, bei ya nyanya, hospitali iko umbali gani. Halafu anatoa alama kama mwalimu: Diani nane, Watamu nane na nusu, Nanyuki tisa.

Kitui na Makueni hazipewi hata sifuri. Makueni inapitwa tu kwa treni, mzee amelala dirishani.

Mimi ni mtu wa Makueni na sijaja hapa kulia eti tumesahaulika. Nataka kuwaambia kitu tofauti: Ukambani ilishapelelezwa na wageni wanaotafuta makao tangu zamani sana. Ukizipanga hizo safari moja baada ya nyingine, unaona jambo moja linajirudia. Mgeni huona msimu. Mwenyeji ndiye anayejua mwaka.

Tuanze na Johann Ludwig Krapf, yule mmisionari Mjerumani wa vitabu vya historia. Mwaka 1849 alitoka Rabai, akapanda bara mpaka Kitui, akapokewa na Kivui wa Mwenda, tajiri wa misafara ya pembe za ndovu. Tarehe 3 Desemba, akiwa huko Kitui, akauona Mlima Kenya. Kila mtu anakumbuka mlima. Mimi nawaomba muangalie mwezi. Desemba ni wakati wa mvua tunayoitegemea zaidi Ukambani. Kila kitu ni kijani, kunde zimeshika, mito ina maji.

Krapf alirudi mwaka 1851 na mpango wa kufungua kituo Yatta. Safari hii ilikuwa Julai na Agosti, kiangazi kimekaza. Mpango wa Yatta ukaanguka haraka. Akaungana na Kivui kuelekea mto Tana, wakavamiwa njiani, Kivui akauawa. Krapf akabaki peke yake porini, akitembea usiku kurudi kwa watu. Unajua alibeba maji na nini? Mtutu wa bunduki yake na mfuko wa ngozi wa darubini. Nchi ni ileile aliyoipenda Desemba, wasee. Kilichobadilika ni kalenda, na mwenyeji aliyejua njia hakuwepo tena.

Miaka 40 baadaye wakaja Waskoti. Mwaka 1891 misheni yao, ikiongozwa na James Stewart, ilichagua Kibwezi. Ukifika Kibwezi leo utaelewa kwa nini. Kuna chemchemi zinazotokana na milima ya Chyulu, kuna kivuli, unatoka kwenye vumbi ghafla unaingia kwenye miti mikubwa. Wakaona maji, hawakuona malaria. Tusiwacheke, kwa sababu ilikuwa mpaka 1897 ndipo Ronald Ross alipothibitisha kule India kwamba mbu ndiye mbebaji wa ugonjwa huo. Lakini homa haikusubiri sayansi. Kufikia 1898 misheni ilikuwa imehamia Kikuyu, na ndiyo tunayoijua leo kwa jina la Thogoto.

Sasa hapo ndipo historia inapoanza kuwa na uchungu. Miaka ya mwanzo ya 1890, sotoka ilifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki. Halafu 1898 na 1899 mvua ikagoma, ndui nayo ikaingia. Wakamba wanaita njaa hiyo Yua ya Ngomanisye, na jina lenyewe linakwambia ilienea kila mahali. Watu walikufa, wengine wakahamia kwa majirani kutafuta chakula. Na ni miaka hiyohiyo reli ilikuwa inapita Kibwezi na Makindu kuelekea Nairobi, ambako ilifika 1899.

Jiweke kwenye behewa hilo. Unachungulia nje, huoni mifugo, huoni mashamba, unaona boma limeachwa. Unaandika kwenye daftari: ardhi tupu. Mwaka 1902 Kamishna Charles Eliot na serikali yake wakatoa sheria ya ardhi ya Taji, mzungu akapewa mkataba wa miaka 99. Mwaka 1915 ikawa miaka 999. Piga hesabu: mkataba wa 1915 ungeisha 2914. Mtu aliona mwaka mbaya mmoja wa majirani zake, akajiandikia karne kumi.

Ardhi haikuwa tupu. Ilikuwa kwenye msiba.

Walowezi walipenda nyanda za juu zenye baridi kidogo, na kwa upande wa Machakos wakachukua sehemu nzuri kama milima ya Mua. Kitui na Makueni ziliwatisha kwa joto, ukame na mbung'o. Ukame wetu ndio uliokuwa askari wetu. Lakini Wakamba walibanwa kwenye rizavu, mifugo ikazidi, udongo ukamomonyoka, na serikali ikaamua dawa ni kuwanyang'anya ng'ombe. Mwaka 1938 maelfu ya watu waliandamana mpaka Nairobi, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Ndiyo, yule wa ile barabara unayokanyaga kila siku hapo mjini ukienda Soko la City. Walimkamata wakampeleka kizuizini Lamu, lakini serikali ililegeza.

Bado watu walihitaji ardhi. Serikali ikageukia pori la Makueni: tulisafishe, tuwahamishie Wakamba huko. Tatizo lilikuwa vifaru. Walikuwa wengi sana, na kati ya 1944 na 1946 mwindaji mmoja Mskoti, J. A. Hunter, alitumwa kuwaondoa. Aliua karibu vifaru 1,000. Soma tena hiyo namba. Leo ukitaka kuona kifaru unalipa kiingilio mbugani. Kwenye kitabu chake cha 1952 Hunter mwenyewe anajiuliza kama kazi ile ilistahili.

Huyu Hunter ndiye namtaka hasa, kwa sababu ndiye babu wa hawa wazee wa video. Alizaliwa Uskoti 1887, akafika Kenya 1908, akafanya kazi kwenye reli hiihii ya kupita Ukambani. Angeweza kustaafu popote: Pwani, Nanyuki, au kurudi kwao. Miaka ya 1950 akajenga nyumba ya wageni Kiboko, Makueni, kando ya barabara ya Mombasa, penye chemchemi na migunga ya ganda la njano. Akamalizia maisha yake nchini, akafariki 1963. Hunter's Lodge ukiisikia, jina ni lake.

Simpigii makofi. Mtu aliyemaliza vifaru wa Makueni alikuja kupumzika kwenye maji yao, na hilo kila mtu alipime mwenyewe. Lakini kama mpelelezi wa mahali pa kuishi, alikuwa na kitu ambacho Krapf na wale wa behewani hawakuwa nacho. Alikuwa ameiona nchi hii kwa zaidi ya miaka 40, Septemba zake na Januari zake. Alijua maji ya Kiboko hayakauki wakati mito mingine imebaki mchanga.

Sasa turudi kwetu. Anayekimbia baridi huja lini? Desemba na Januari. Yaani anakuja kuitazama Ukambani ikiwa imevaa nguo za sikukuu. Mvua imetoka kunyesha, ndengu ziko shambani, maembe ya Makueni yanaanguka mpaka watoto wameyachoka. Lazima aipende! Na kadiri Konza inavyojengwa, reli ikifanya kazi na Bwawa la Thwake likizungumziwa kila kona, hizo alama za sifuri hazitakaa sana. Wanakuja. Madalali tayari wanazunguka.

Mjomba wangu ana ekari kadhaa upande wa Kibwezi. Mwaka huu dalali alimwendea na habari ya mzungu mstaafu aliyependa shamba lake kwa sababu unaona Chyulu yote ukiwa umekaa barazani. Bei ilikuwa nzuri, hata mimi nilimeza mate. Mjomba akauliza swali moja tu: "Amekuja mwezi gani?" Akaambiwa Januari. Akajibu, "Mwambie arudi Septemba. Akiipenda Septemba, tutaongea." Dalali alicheka. Mjomba hakucheka.

Si chuki hiyo. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sheria yetu pia haimfukuzi mtu. Kuna kibali cha daraja K kwa mgeni wa miaka 35 na zaidi mwenye mapato ya uhakika ya dola 24,000 kwa mwaka, anayetaka kuishi hapa bila kufanya kazi. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 65, inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya moja kwa moja, anakodisha tu, na isizidi miaka 99. Shamba la kilimo lina masharti makali zaidi. Kwa hiyo dalali akikuambia "mtaandika kwa jina lako, mzee ataishi tu," jua anataka kukuingiza kwenye kesi ambayo yeye hatakuwepo.

Na kwetu sisi vijana wa Nairobi ambao tunaona shamba la susu kama chapaa iliyolala: sisi pia tumekuwa wageni. Tunaenda nyumbani Desemba, tunapiga picha kwenye kijani, tunarudi mjini tarehe 2. Ni nani kati yetu amewahi kukaa Kitui mwezi wa tisa, akachimba mchanga wa mto mpaka maji yatokee? Kabla hujamshauri mzee wako auze, nenda mara moja kiangazi. Uliza maji yanatoka wapi, ng'ombe wanapelekwa wapi, na nani alizikwa pale. Baada ya hapo ukisema auze, nitakusikiliza.

Kama kwenu ameshafika mnunuzi, niandikie hapa chini. Sihitaji jina wala bei. Niambie tu alikuja mwezi gani.